Kwaresima Niliyofunga Mdomo

Kuna watu wamejaliwa sauti ya kuimba, kuna waliojaliwa mikono ya kufinyanga. Mimi nilijaliwa kulalamika. Sisemi hivi kwa kujidai wala kwa kutubu, nasema kwa sababu pale kijijini kwetu Pito hakuna aliyekuwa hajui. Jua likiwaka nililalamikia vumbi, mvua ikinyesha nikalalamikia tope. Mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukianza kukata masikio, nilikuwa natoka nje asubuhi na kuusema upepo ule kama mtu anayemsema kijana aliyeachia mbuzi shambani kwa watu. Jirani mmoja aliniambia hafugi tena jogoo, maana sauti yangu inamtosha na haili pumba.

Na jamani, sababu za kulalamika zilikuwepo! Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tulitoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, tukaingia miaka ambayo sabuni ipo ya kila rangi na wewe unaiangalia tu. Zamani hakuna aliyekuwa nacho, kwa hiyo mtu ulilala usingizi wako. Sasa unakwenda Sumbawanga mjini unakuta maduka yamejaa, mitumba imetundikwa hadi barabarani, na kijana uliyemjua akiwa na kaptula moja anashuka kwenye basi la Tunduma amevaa koti la ngozi na redio ya kaseti begani. Huku kwetu mbolea imepanda kwa sababu serikali imeacha kuichangia, na mahindi yetu yanamsubiri mwenye lori ambaye anakuja akipenda. Mtu usilalamike, una roho ya chuma?

Mume wangu alikuwa kinyume changu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi aliwapa ng'ombe. Alikuwa na maksai wawili, mmoja mwekundu na mwingine wa baka jeupe, aliowafundisha kukokota plau mwenyewe tangu wangali vijana. Alikuwa akizungumza nao kwa adabu ambayo sijapata kuisikia hata bomani. "Geuka basi, mzee. Ahsante. Twende taratibu." Wahenga wanasema ng'ombe wa maskini hazai. Wetu walikuwa maksai, kwa hiyo shida hiyo hatukuwa nayo. Tuliwategemea kulima, na kulima walilima: shamba letu kwanza, kisha mashamba ya majirani, ambao nao walitulipa kwa palizi au kwa debe la mahindi. Kwa kweli nyumba ile ilikuwa inakula kutoka shingoni mwa ng'ombe wale wawili.

Kazi ya pili ya mume wangu ilikuwa kuota ndoto. Jioni, tukishakula, alikuwa anakaa karibu na moto anaota kwa sauti. Mara tuhamie bondeni, Kaoze, tukalime mpunga. Mara tufuge kuku wa kizungu. Mara tufungue kioski pale njia panda. Mimi nilikuwa nazika ndoto hiyo papo hapo kabla haijapoa. Kaoze mbu watatubeba, na bado unaniambia mpunga! Kuku wa kizungu wanakufa ukiwaangalia vibaya! Kioski, na sukari yote tutainywa sisi wenyewe! Yeye alikuwa anacheka kidogo, anachochea moto, tunakwenda kulala. Ndivyo tulivyoishi, yeye akikanyaga mafuta na mimi nikikanyaga breki, na gari halikuwahi kutoka nyumbani.

Sasa, katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, ile tuliyokuwa tukisali nyumba kwa nyumba kila wiki, kulikuwa na desturi moja ya Kwaresima. Siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, kila mtu alisimama mbele ya wenzake akataja kitu atakachokiacha mpaka Pasaka. Si kusema moyoni. Moyoni watu wanadanganya. Ulisema kwa sauti, na mwenyekiti akakubali au akakataa. Na mwenyekiti alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mwenye jicho kama la mnunuzi wa maharage: ukimletea yenye wadudu, anayarudisha.

Mwaka huo mzee mmoja alitangulia kusimama, akasema anaacha nyama.

"Uliila lini mara ya mwisho?" wifi akamwuliza.

"Krismasi."

"Basi nyama ilishakuacha yenyewe. Kaa, tafuta kingine."

Akasimama mwingine akasema anaacha sigara, tukaangua kicheko maana hajawahi kuvuta. Akasimama wa tatu akasema, kwa sauti ya mtu anayezika, kwamba anaacha pombe ya ulezi. Huyo tulimpigia makofi, maana tulijua ataumia kweli. Kisha ikaja zamu yangu. Nikasimama na kanga yangu safi nikasema naacha sukari.

Wifi alicheka mpaka rozari ikamdondoka mkononi. "Sukari! Nyumba ile mmeiona sukari lini? Wifi yangu, Kwaresima mtu anaacha kile alicho nacho kwa wingi. Hebu tutafute wote. Nyumbani kwenu kuna nini cha kumwagika?"

Watu wakaangalia chini. Wengine wakaanza kukohoa. Yule mzee wa nyama, ambaye bado alikuwa anatafuta cha kuacha, akainua mkono kwa furaha kama mtoto wa shule aliyepata jibu. "Malalamiko!" akasema.

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Hata mume wangu, aliyekaa pembeni na wanaume wenzake, nilimwona mabega yakimtikisika. Wifi akanyamazisha watu, akaniambia kwa upole wa uchokozi, "Lakini tusimtwishe mwenzetu mzigo. Huyu hafiki Dominika ya kwanza."

Ningekuwa mtu mwema, ningewaambia leo kwamba nilikubali kwa ajili ya Bwana. Nilikubali kwa ajili ya wifi. "Nitafika mpaka Pasaka," nikasema, "na wewe utakuja kunipikia." Wakanipa na dawa yake: kila lalamiko likinijia, nilimeze, na badala yake niseme "Tumshukuru Mungu", kama tunavyoitikia kanisani baada ya somo.

Weee! Hamjui mdomo una nguvu mpaka mjaribu kuufunga. Siku ya kwanza tu, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso, uji uliungua, mbuzi wa jirani akala mchicha wangu, na paa la nyasi likaanza kuvuja juu ya godoro. "Tumshukuru Mungu," nikasema. "Tumshukuru Mungu. Tumshukuru Mungu." Mtoto wangu mdogo alikimbia kwenda kumwita baba yake akidhani nina homa.

Nikatafuta upenyo. Upenyo wa kwanza niliupata kisimani: nilikumbuka kwamba ahadi niliitoa kwa Kiswahili. Basi nikaweka ndoo chini nikalalamika kwa Kifipa, kwa raha zangu, kuanzia mbuzi mpaka bei ya mbolea. Habari zilimfikia wifi kabla ndoo haijafika nyumbani. "Wifi," akaniuliza, "Mungu wako kasomea wapi hata asijue Kifipa?" Upenyo wa pili niliutoa kanisani kwenyewe. Nilisikia watu wakisema Dominika za Kwaresima si siku za kufunga. Baada ya Misa nikamvizia padri, mguu mmoja ameshaupandisha kwenye pikipiki yake.

"Padri, Dominika naruhusiwa kulalamika?"

Alinitazama. Nadhani wifi alikuwa ameshamfikia. "Mama, Dominika ni siku ya furaha," akasema. "Sasa siku ya furaha utalalamikaje?" Akapiga kiki, akaondoka na moshi wake. Nikabaki nimesimama pale na furaha yangu, nina hasira kama nini.

Ikaingia wiki ya pili. Jioni moja tumekaa jikoni, watoto wameshakula, mume wangu akasafisha koo. Nilijua ndoto inakuja. Lakini hii haikuja na kicheko.

"Mama watoto," akasema, "nimeamua kuwauza maksai."

Nikageuka na mwiko mkononi.

Akaniambia yote bila kuinua macho. Mjini kuna jamaa kaleta kutoka Tunduma televisheni, deki ya video na jenereta. Watu wanajazana kwenye chumba chake kuangalia mikanda ya karate, mpaka wengine wanachungulia dirishani. Sasa jamaa anataka kwenda kufanya biashara nyingine, anaviuza vyombo vyote. Yeye mume wangu atauza maksai, atavinunua, ataonyesha video pale Pito. Mnunuzi wa ng'ombe keshampata, Msukuma mmoja mfugaji aliyehamia bondeni na familia yake, kule upande wa Muze. Atapanda kuja kuwachukua Jumamosi Kuu.

Lalamiko lilianzia kwenye nyayo. Likapanda magotini, likapita tumboni, likafika kooni na kukaa hapo. Bila maksai ni kurudi kwenye jembe la mkono, na mgongo wa jembe hilo ni wangu. Ni kurudi kuomba kulimiwa na watu tuliokuwa tukiwalimia sisi. Na hilo jenereta likizima watoto wangekula nini, mikanda? Nilikuwa na maneno ya kumzika mtu akiwa hai. Nikakumbuka uso wa wifi.

"Tumshukuru Mungu," nikasema.

Akainua macho. "Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

"Maksai. Wote wawili."

"Tumshukuru Mungu."

Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mimi nikageukia sufuria yangu. Nilijisemea: ala, huyu mtu kumbe mjanja! Kangoja mdomo wangu ufungwe mbele ya jumuiya nzima, ndipo akatoa lake. Miaka yote nilidhani nimeolewa na mpole, kumbe nimeolewa na mwanasiasa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikumshauri tu kwa utulivu, kama wake wa kwenye mahubiri. Nilijaribu. Kesho yake nilikaa karibu naye nikaanza, "Baba watoto, mimi naona..." Na hapo nikakwama, maana sikujua sentensi inaendeleaje. Maneno yote niliyoyajua ya kumpinga mume yalianzia na "Kila siku wewe" na kuishia na "mimi nimechoka". Nilipekua kichwani nikakosa mengine. Nikaenda kuchambua maharage.

Basi siku zikawa zinakwenda. Yeye akawa ananiletea habari moja moja, kama mtu anayetupa mawe kisimani asikie kina. Msukuma amekubali. "Tumshukuru Mungu." Mwenye video amekubali. "Tumshukuru Mungu." Niliona akila kidogo, akikonda, nikasema ni tamaa ya video hiyo inamla. Wifi naye habari zikamfikia. Alikuja mbio, kitenge kinamwendea upande, maana ng'ombe wale walikuwa fahari ya kaka yake.

"Wifi, kwa jambo hili Mungu ataelewa," akaninong'oneza nyuma ya ghala. "Lalamika kidogo tu. Kidogo! Mimi sitasema."

Jamani, utamu wa saa ile! Mwenyekiti wa jumuiya ananibembeleza nivunje ahadi. Nikainua macho mbinguni kama sanamu. "Wifi," nikamwambia, "ahadi ni ahadi." Akaondoka anasonya. Nikacheka peke yangu, kisha nikakumbuka maksai wanakwenda, nikaacha kucheka.

Lakini sikumkatalia wifi kwa kiburi peke yake. Kulikuwa na jambo limenipata siku chache kabla, na sikujua nimweleze nani.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa kupanda maharage ya mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa imekatika. Mume wangu alikuwa mbele na plau, mimi nyuma nadondosha mbegu kwenye mfereji. Miaka yote kazi ile niliifanya nikiongea kutoka mwanzo wa shamba mpaka mwisho: tope, mgongo, mbegu mbovu, serikali. Safari hii nilikuwa kimya kwa lazima. Na kwa kuwa nilikuwa kimya, nikasikia. Nikasikia udongo ukipinduka, na minyororo ya nira. Nikamsikia mume wangu akiwaambia ng'ombe, "Pole, mzee, hapo pana jiwe." Nilikuwa nimelala nyumba moja na sauti ile miaka mingi, na ilikuwa kama ndiyo naisikia siku hiyo. Jua lilichomoza nyuma ya mikaratusi, udongo ukawa unatoa mvuke, na nikajisikia nasema, "Tumshukuru Mungu."

Nikashtuka. Nikasimama na mbegu mkononi. Hakuna kitu kilichokuwa kimeniudhi! Sikuwa nameza lalamiko lolote, lilikuwa limetoka tu lenyewe. Nikajikagua kama mtu anayejikagua chawa. Nilikuwa na tope mpaka magotini, sikuwa nimekunywa hata chai, na nilikuwa na furaha. Sina neno lingine. Nilikuwa na furaha, na sikutaka chochote ambacho hakikuwa pale.

"Una nini?" mume wangu akauliza, kageuka kwa sababu hakusikia hatua zangu.

"Sina kitu," nikasema. "Twende."

Mnaona basi mateso yangu. Hata kwa mlango wa kiburi Bwana anaingia, na akishaingia hatoki. Kila siku niliamka nikakuta nakipenda kitu kingine: ile sufuria yenye kishikio kimoja, watoto wakigombea ukoko, hata paa linalovuja lilivyonifundisha mahali pa kuweka ndoo. Ndiyo kwanza nimefumbuliwa macho nikaviona vitu vyangu, na vinauzwa! Ijumaa kwenye Njia ya Msalaba nilikuwa napiga magoti na kumwambia Bwana wazi: umenifundisha kuridhika na nilicho nacho, sasa mbona unakichukua? Si ungeniacha na upofu wangu?

Dominika ya Matawi tulisomewa Mateso. Walipofika pale Bwana alipolia msalabani kuuliza mbona ameachwa, nikainua kichwa. Nimesikia maneno yale tangu nikiwa mtoto, lakini siku ile niliyasikia kama mtu wa kazi hiyo. Ala! Hata Yeye alilalamika. Na alilalamika kwa lugha ya kwao. Nikatoka kanisani na wazo hilo, sijui nilifanyie nini.

Jumamosi Kuu asubuhi Msukuma akafika. Alikuwa mtu mrefu, mstaarabu, shuka begani na fimbo ndefu, ametembea kutoka bondeni na hakuonekana hata kuchoka. Alitusalimia vizuri, akapokea maji, akasifu mahindi yetu. Kisha akawaendea maksai. Akawapapasa nundu, akawafunua midomo, akawatembeza. "Ng'ombe hawa wamelelewa na mtu," akasema. Akanyoosha mkono apewe kamba.

Mume wangu hakuitoa. Alikuwa amesimama mkono mmoja kwenye shingo ya yule mwekundu, mwingine umeshika kamba.

"Kamba, ndugu yangu," akasema Msukuma taratibu.

Mume wangu akanigeukia. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu. "Mama watoto," akasema, "sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Lalamika!"

"Mimi nimefunga."

"Fungua!" Sijapata kumsikia akipiga kelele vile, hata maksai walishtuka. "Yesu na Maria, mwanamke, wanachukuliwa! Utanyamaza mpaka lini?"

Hapo yakanitoka. Kama ni dhambi, Bwana anajua. "Wewe si ndiye uliyengoja nifungwe mdomo ndipo uuze? Leo wataka nikuokoe?"

"Nilingoja?" Alinitazama kama asiyenielewa. "Mimi nilidhani umenichoka. Wewe Kwaresima gani inaweza kukunyamazisha wewe? Siku mbili, sawa. Lakini zikapita, zikapita, unashukuru tu. Nikasema huyu ameshakata tamaa. Mtu mwenye tumaini anadai. Huyu kanyamaza, keshokutwa atafunga mzigo arudi kwao. Nikasema bora nipate hiyo video haraka, nimtimizie alau kimoja."

"Kimoja cha nini?"

Na mtu yule wa maneno machache akaanza kusema. Hakusema kwa hasira. Alisema akiangalia chini, kama anayesali litania. Mwaka tulioingia nyumba ile nilisema paa linavuja, nikasema wenzetu wana bati. Mwaka wa mtoto wa kwanza nilisema hatuna hata kiti cha kumkalisha mgeni. Nilisema kitanda kinalia. Nilisema kanga zangu zimepauka na za wifi ni mpya. Nilisema redio ya jirani inatusikilizisha sisi umaskini wetu. Nilisema wenzetu wanaangalia video na sisi tunaangalia ukuta. Vingine hata mimi nilikuwa nimevisahau, nilivisema nikipepeta ulezi, nikaviacha palepale na makapi. Yeye aliviokota vyote. Zile ndoto zake za jioni, mpunga, kuku, kioski, kila moja ilikuwa jibu la neno langu fulani, nami niliizika bila kujua ni ya nani.

Nikamsogelea. "Baba watoto," nikasema, "yale yalikuwa maneno tu. Mimi ndivyo ninavyopumua. Nani kakwambia sijaridhika?"

"Wewe," akasema. "Kila siku."

Hapo nikakosa la kusema. Mimi! Nilitafuta neno, nikasikia tu machozi yanashuka bila ruhusa. Mume wangu naye akaegemea shingo ya ng'ombe, analia kimya kimya kama alivyofanya kila kitu. Msukuma aliangalia milima. Baada ya muda akaangalia fimbo yake. Baada ya muda tena akakohoa.

"Mke wangu mimi," akasema, "hajanyamaza tangu tulipotoka Shinyanga. Na ng'ombe wanaongezeka tu." Akajitandia shuka lake vizuri. "Sasa hawa wanauzwa, au tunywe uji niende zangu?"

"Hawauzwi," nikasema. Nikampikia uji, na kuku nikamfungia wa njiani kwa usumbufu wake, akaaga bila kinyongo.

Alipokwisha kuteremka nikamrudia mume wangu. Alikuwa bado pale zizini. Nikaona kwamba maneno niliyokuwa nimempa Mungu Kwaresima nzima, yeye sikuwahi kumpa hata moja. Nikamwambia, "Sikia. Paa linavuja na mimi nimeridhika. Kitanda kinalia na mimi nimeridhika. Na wewe nimeridhika nawe."

Akanigeukia. Kisha akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Hukuwahi kuniambia," akasema. "Tangu tufunge ndoa." Hakusema kwa kulaumu, alikuwa ananipa habari tu.

Sikuacha kulalamika, msije mkadanganywa. Upepo wa mwezi wa sita ulinikuta na maneno yangu. Lakini kila jioni kabla ya sala ninamwambia, nimeridhika. Kuna siku ni kweli tupu. Kuna siku mahindi yameoza, mtoto anaumwa, na neno hilo natoa tu kwa sababu ndiyo saa yake. Yeye analiamini siku zote, anashusha mabega, anafanya ishara ya msalaba. Namwangalia alivyoliamini, na mara nyingi tukifika Amina na mimi huwa nimeliamini.